Hesabu ya Chuno

Dawa ya deni kulipa, wanasema,
nami nauza dawa, najua:
dawa isiyo na dozi ni sumu.
Somoe, nani aliandika dozi ya deni letu?

Tulihamia Chuno watatu, chumba na sebule,
kodi ya miezi sita kwa mkupuo,
maana mwenye nyumba hakutaka habari za mwezi mwezi.
Delfina alitoa kwanza, noti zilizonukia kanga za mama yake wa Ndanda.
Wewe ukatoa nusu, baba anasubiri mnada wa korosho.
Mimi nikaziba pengo.
Kuziba ni neno dogo. Lilikuwa laki moja na ishirini.

Mwezi wa nne Delfina akawa jiko la mtu,
akaondoka na jiko letu la gesi.
Wa tano ukaondoka wewe, asubuhi, nikiwa zamuni,
na feni.
Uliacha msumari ukutani
na mkeka umekunjwa vizuri,
kana kwamba kukunja mkeka ni kuaga.

Nilikutumia ujumbe wenye salamu ndefu,
kisha wenye salamu fupi,
kisha namba tupu: 87,500.
Ukajibu kwa namba tupu: 31,000.
Sisi, tuliokuwa tukipeana chumvi bila kupima.

Jumapili nikapanda bodaboda hadi Mikindani,
daftari mkobani.
Njia nzima nilipanga maneno makali
kama vidonge kwenye kisahani cha kuhesabia,
matano matano.

Ulifungua mlango, mikono ina unga.
Hukushtuka.
Ukarudi ndani, ukatoka
na daftari lako.

Sikujua kama nawe ulikuwa unaandika.
Langu: kodi, luku, maji ya ndoo bomba lilipogoma, nusu ya godoro.
Lako: bodaboda ya usiku kwenda Ligula, elfu nne.
Dripu, kumi na nane.
Uji, na mbele yake kistari, hukuupa bei.
Siku tatu za homa yangu
ambazo kwangu ni kurasa nyeupe,
kwa kuwa mgonjwa haandiki.

Usidhani nililainika. Tulibishana mpaka adhuhuri.
Feni niliinunua mimi Soko Kuu, risiti ninayo.
Na waya ulipoungua, nani aliubadilisha?
Mwezi wa mfungo futari yote ilikuwa juu yangu.
Ukacheka. Futari yote?
Na ile ming'oko, ilijichimba ikaja yenyewe?
Jirani akapunguza redio ili asikie vizuri.

Kikokotoo cha simu kikasema 23,600.
Ukanihesabia kumi na tano taslimu,
ukaongeza kilo moja ya korosho alizobangua mama yako,
vidole vyake bado vyeusi kwa utomvu,
na feni.
Kilichobaki, mwezi ujao.
Nikaandika, ukaandika,
tukabadilishana madaftari, tukatia sahihi
kama watu waliofikishana Mahakama ya Mwanzo.

Delfina? Simu yake inaita mpaka inachoka.
Jiko nimelisamehe kwa mdomo.
Moyo bado una rufaa.

Feni niliipakata hadi Chuno, panga zikizunguka kwa upepo wa barabarani.
Bado inakereza, ile ile, krr, krr,
iliyotufanya tugombane nani alale karibu nayo.

Jana umeme ulikata saa tatu usiku.
Nikanunua luku, zikaja tarakimu ishirini.
Zamani ulisoma wewe, Delfina akimulika, nikibonyeza mimi,
nne, pumzi, nne,
na ulikosea makusudi ili nipige kelele.

Nikazisoma kwa sauti, peke yangu gizani,
nikinyamaza kila baada ya nne.